Andika Kizazi Kwenye Risiti

Kuna sentensi moja imekula pesa ya vijana wengi wa Nairobi na hakuna mtu anaiita mwizi. Iko chini kabisa ya risiti, kwa herufi ndogo ama kwa muhuri wa bluu uliokaukiwa na wino: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ukitoka Archives uelekee Luthuli, ama uingie Moi Avenue upande ngazi za yale majengo yenye vibanda vya vioo vimebanana kama abiria wa 46 jioni ya Ijumaa, utauziwa laptopu na utaongezewa hiyo sentensi bure. Leo naipinga. Naipinga kwa niaba ya kila msee aliyeambiwa "hii ni i7, mkubwa, hii ni moto," akafika keja akapata ni jivu.

Nieleweke mapema, ndio mtu asinishike vibaya. Mimi si adui wa laptopu za Ex-UK. Haya maneno naandika nikitumia moja. ThinkPad T480, toleo la 2018, nilitoa 28,000. Niliachana na chuo mwaka wa pili, na tangu siku hiyo hii mashine ndiyo darasa, ndiyo ofisi, ndiyo studio. Naediti vidio nayo, naandika nayo, natuma ankara nayo. Stima ikipotea Kangemi, na mnajua stima ya Kangemi, inaendelea tu, kwa sababu ina betri mbili: moja ndani, moja ya kuchomoa. Kwa hivyo mimi ni shahidi wa upande wa laptopu. Kesi yangu ni na namna tunavyouziwa.

Tuanze na nyinyi watu wa "mimi sinunui kitu imetumika." Shati umevaa imetoka Gikomba. Viatu ni vya Toi. Gari la mjomba wako lilizunguka Japani miaka saba kabla lifike Mombasa, na mlipolipokea mlichinja mbuzi. Lakini laptopu ikiguswa na Mwingereza mmoja, ghafla wewe ni mtoto wa mfalme.

Kuna laptopu zinatengenezwa kuuziwa mtu binafsi, na kuna laptopu zinatengenezwa kuuziwa makampuni. ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP, hizo ni za makampuni. Kampuni ikinunua mia tano kwa mpigo haitaki stori. Inataka kibodi isiyochoka, bawaba zisizovunjika, na mashine ambayo fundi anaweza kuifungua kwa skrubu za kawaida, abadilishe RAM, abadilishe diski, arudi kunywa chai. Lenovo wenyewe wanaweka vitabu vya kuzikarabati mtandaoni, bure. Baada ya miaka mitatu ama minne kampuni inanunua mpya, zile za zamani zinauzwa kwa jumla, na zinaanza safari ya kuja kwetu. Mashine iliyokuwa ghali sana ikiwa mpya inafika hapa kwa bei ya kodi ya miezi michache.

Sasa linganisha na hiyo yako ya "sealed" ya bei hiyo hiyo. Ukifungua boksi unapata Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya 4GB iliyochomelewa ubaoni kwa hivyo hakuna siku utaiongeza, na hifadhi ya 64GB ambayo Windows yenyewe inaimeza kabla hujaweka hata picha ya mama. Ndiyo, inanuka mpya. Harufu inaisha wiki ya kwanza, polepole inabaki miaka yote. Ukiinunua kwa mpango wa lipa polepole, unamaliza deni wakati mashine yenyewe imeshakata tamaa.

Kwa hivyo nunua iliyotumika. Hapo nimesimama na sitoki. Lakini ukiingia dukani, ujue unaingia soko ambalo kitu cha maana zaidi kuhusu bidhaa ndicho kitu hakiandikwi popote.

Hicho kitu ni kizazi cha prosesa.

Muuzaji atakwambia "Core i7." Ni kama mtu akwambie anauza Toyota halafu anyamaze. Toyota ya mwaka gani? Hiyo "i7" ni jina la familia, na hiyo familia imezaa watoto tangu 2008. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata. Ukiona i7-7600U, hiyo 7 ya kwanza baada ya kistari ni kizazi cha saba. Ukiona i5-8250U, hiyo ni kizazi cha nane. Na hapa ndipo watu huliwa: ile i7 ya kizazi cha saba ina viini viwili, ile i5 ya kizazi cha nane ina vinne. Fikiria kibanda cha chakula. Kimoja kina wapishi wawili na bango kubwa limeandikwa HOTELI. Kingine kina wapishi wanne na bango dogo. Saa saba mchana njaa ikiuma, utakula wapi? Lakini mtaani i7 ndiyo bei juu, kwa sababu saba ni kubwa kuliko tano. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza, na biashara nzima inaishi juu yake.

Kuna sababu nyingine kizazi cha nane ni mstari wa maana. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliotaka nyongeza ya viraka vya usalama walipewa mwaka mmoja zaidi. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana, na inataka ile chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Sasa wewe fikiria kama mkubwa wa kampuni huko Manchester. Una laptopu mia tatu za kizazi cha sita na cha saba, nzima kabisa, ila Windows 11 haizitaki. Utazipeleka wapi? Utaziuza. Na atakayezinunua atazipeleka wapi? Angalia kioo cha duka la Luthuli utapata jibu.

Siyo kusema hizo ni takataka. Kizazi cha sita ukikiwekea Linux kinaishi vizuri, kinaandika, kinavinjari, kinafanya kazi ya chuo bila shida. Mashine hiyo ina bei yake halali. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya kizazi cha nane huku umeilazimishia Windows 11 kwa mlango wa nyuma, halafu unamwambia mtoto wa mtu "iko sawa, siste, ishaapudeitiwa."

Na kizazi si jambo la pekee. Acha nikwambie kilichompata dada mmoja wa mtaa wetu.

Yeye anafanya kazi za mtandaoni za kusikiliza sauti na kuandika kilichosemwa. Mama yake alitoa pesa ya chama, yeye akaongeza akiba, wakafika 26,000. Akanunua mjini, duka silitaji. Kwa wiki tatu mashine ilikuwa malaika. Siku moja ikaanza kujikwaa, akafanya kile kila mtu hufanya: akairudisha kwenye hali ya mwanzo. Ikawaka. Akaiunganisha na intaneti. Ikamkaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo, ikamwomba barua pepe ya kazi na nenosiri. Kampuni gani? Hajawahi kuisikia. Kumbe hao wenyewe wa kwanza hawakuitoa hiyo mashine kwenye orodha yao walipoiuza. Kwa macho ya hiyo laptopu, kampuni bado ndiyo mwenye mali, na dada yetu ni mtu ameiokota.

Nilimsindikiza kurudi dukani. Jamaa alikuwa mpole sana, hata alitupa viti. Akasema, "Lakini siste, si wewe ndio uliiguza?" Halafu akageuza risiti, akaweka kidole juu ya ile sentensi. Hakupiga kelele, hakutukana. Kidole tu. Ile risiti ilikuwa imeandikwa "Laptopu 1, 26,000." Basi. Hakuna modeli, hakuna namba ya siri ya mashine, hakuna kizazi, hakuna neno hata moja kuhusu betri. Kwa karatasi hiyo mtu angeweza kumuuzia tofali lenye kibodi na bado asiwe amedanganya. Dada alikosa makataa mawili, yule aliyekuwa anampa kazi akatafuta mwingine. Siku hizi anafanyia kazi kwa saiba, analipa kwa dakika, na mama yake bado anarudisha pesa ya chama.

Mtu atasema, "Angeangalia kabla anunue." Sawa, tuangalie pamoja, kwa sababu sitaki usome hii halafu uende mikono mitupu. Ukifika dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, usome prosesa na RAM kwa macho yako. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili inayotokea: kuna namba ya uwezo betri ilizaliwa nao, na namba ya uwezo iliyobaki. Ikiwa ya pili ni nusu ya kwanza, hiyo betri ni mzee wa kijiji, muheshimu lakini usimtume mbali. Zima, washa huku unabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Ikikuuliza nenosiri ambalo muuzaji hana, mrudishie na uende. Mwambie aifute mbele yako na aiunganishe na intaneti ya simu yako. Ikikutajia jina la kampuni, kimbia. Tazama na kibodi: ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3. Ukikuta herufi ya ü imefichwa chini ya stika, hiyo Ex-UK yako ilipitia Ujerumani, na kama amedanganya kuhusu nchi, uliza amedanganya kuhusu nini kingine.

Umeona? Hizo ni dakika ishirini, ndani ya kibanda cha mita mbili, watu watatu wanakusukuma mgongoni, broka aliyekuleta anaangalia saa, na begi umelikumbatia kifuani ndio usiibiwe. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyebeba pesa ya chama ya mama yake anatakiwa awe mkaguzi wa serikali. Muuzaji, ambaye anajua kila kitu, hatakiwi kuandika chochote. Mbona mzigo wote uwe kwa yule anayejua kidogo?

Na siyo ati sheria haipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, kinasema mtumiaji wa bidhaa ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na ana haki ya habari anazohitaji ili afaidike na kile amenunua. Habari. Limeandikwa kwa Katiba, juu kabisa, siyo kwa muhuri wa bluu. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012: muuzaji anahesabiwa ameahidi ubora unaofaa hata kama hakufungua mdomo, na kusema bidhaa ni ya kiwango au modeli ambayo si yake ni makosa. Kwa hivyo ile sentensi ya risiti haiwezi kufunika uongo. Ina nguvu moja tu: wewe unaiamini.

Ukitaka kuacha kuiamini, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza Milimani mwaka 2021, inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, unaruhusiwa kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku sitini. Laptopu ya 26,000 inaingia hapo na nafasi inabaki. Lakini ukifika mbele ya hakimu utaulizwa: aliahidi nini? Ndio maana karatasi ni muhimu. Bila maandishi ni neno lako dhidi ya la mtu aliyekupa kiti.

Sasa angalia magari. Gari lililotumika haliingii nchi hii likiwa na zaidi ya miaka minane. Lazima likaguliwe kabla ya kupanda meli. Mwaka wa usajili wa kwanza uko kwenye makaratasi, na hata broka wa barabara ya Ngong mwenye ulimi wa asali hawezi kukwambia "ni Toyota tu, mkubwa, usijali mwaka." Taifa liliamua kwamba mwenye gari anastahili kujua umri wa gari. Mwenye laptopu anastahili nini? Stika ya dhahabu imeandikwa i7.

Na hii ni serikali hiyo hiyo inatusukuma mtandaoni. Mwaka 2013 waliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Ilipofika 2016 zikawa tableti. Mwaka huo huo wakazindua Ajira Digital, wakatuambia kazi iko kwa intaneti, tuifuate. Tukaifuata. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaja na kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni. Sawa, tulipe. Lakini kama shamba letu ni laptopu na mnakuja kuvuna, si mwangalie basi jembe tunauziwa ni chuma ama ni udongo?

Najua wenye maduka mtasema nini. Kwanza, "sisi pia ni mahasla." Ni kweli, na siwachukii. Kodi ya kibanda mjini inaweza kukuzeesha. Wengi wenu mmenunua kwa muuzaji wa jumla ambaye pia harudishiwi kitu, na mzigo mbovu ukiwafikia, mtu wa mwisho wa kuurushia ni kastoma. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Siku wewe utalazimika kuandika kizazi na betri kwenye risiti yangu, na wewe utamdai wa jumla akuandikie. Yeye atamdai aliyepakia kontena. Ukweli utapanda ngazi hadi juu. Leo kinachoshuka ngazi ni uongo, na sisi tuko ghorofa ya chini.

Pili mtasema, "rahisi ni ghali, ulitarajia nini kwa hiyo bei?" Nilitarajia kile nilichoambiwa. Mama mboga wa hapa kwa stage anauza nyanya za shilingi ishirini, na zile zimepondeka kidogo anaziweka kando, anasema hizi ni za leo leo, bei ni nusu. Hakuna mtu amemlazimisha. Kama mama mboga anaweza kutenganisha nyanya, mtu wa duka lenye kiyoyozi hawezi kutenganisha kizazi cha sita na cha nane?

Na wapo wanaoweza. Fundi niliyenunua kwake yangu, hapa hapa upande wa Waiyaki Way, aliandika kwa biro: T480, i5-8350U, RAM 16GB, SSD 256GB, betri ya ndani imechoka, ya nje nzima, namba ya mashine hii hapa, miezi mitatu ikisumbua leta. Alinionyesha kona iliyochunwa kabla niione. Bei yake haikuwa ya chini kabisa. Lakini nimempelekea wateja hadi nimeacha kuhesabu, na hajawahi kunilipa shilingi. Mwaminifu anaumia leo kwa sababu anapangwa rafu moja na mwongo, na mwongo anaita bei ya chini. Karatasi ndiyo itawatenganisha.

Ninachotaka ni mambo matano kwenye risiti ya kila laptopu iliyotumika: modeli na namba ya mashine, prosesa kamili pamoja na kizazi, RAM na diski, uwezo wa betri uliobaki, na siku za kuirudisha ikionekana ina kufuli la kampuni ama la BIOS. Ni mistari mitano, wino wa shilingi moja. Bunge likitaka kuiweka sheria, vizuri. Lakini hatuhitaji kungoja Bunge, kwa sababu mwenye pesa ni sisi.

Kabla utume M-Pesa, mpe muuzaji biro. Mwambie, "Bosi, niandikie hiyo yote umesema." Kama ni ukweli, ataandika huku anaongea. Akianza kukuna kichwa, akikwambia "hatuandikagi hivyo," akikuitia mdosi wake, ujue maneno yake hayana uzito wa wino. Rudisha simu mfukoni, sema asante, ushuke ngazi. Chini kuna maduka mengine mia.

Hakuna maandishi, hakuna PIN.